Risala ya Wazazi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya Kuhusu Watoto Wanaozaliwa na Umio Usiofika Tumboni

Kwa Waheshimiwa Magavana na Mabunge ya Kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi, Meru na Laikipia. Kwa Waziri wa Afya. Na kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika ni wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa na umio usiofika tumboni. Tunatoka Nyeri mjini, Karatina, Othaya, Mukurwe-ini, Naro Moru, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Wengi wetu ni wakulima wa chai na kahawa. Wamo walimu, akina mama mboga, na dereva wa matatu aliyemkimbiza mtoto wake Nairobi kwa gari lile lile la kazi. Baadhi ya watoto hawa wako shuleni leo. Wengine tuliwazika kabla hawajapewa jina. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaturuhusu kuleta malalamiko kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 89, inawataka ninyi mjibu bila kukawia. Tunaanzia hapo.

Hakuna daktari kati yetu. Mambo ya maradhi haya tuliyajua kwa kulazimika, tukiwa tumesimama koridoni. Tunayaeleza kwa kuwa lalamiko letu halitaeleweka mpaka maradhi yenyewe yaeleweke.

Mtu ana njia mbili zinazopita kifuani: bomba la hewa liendalo mapafuni, na umio upelekao chakula tumboni. Mimba ikiwa na wiki nne hivi, njia hizo bado ni mrija mmoja unaoanza kugawanyika. Mara chache mgawanyiko huo hukosea. Katika aina inayotokea zaidi, takriban watoto 85 katika kila 100 wenye hitilafu hii, kipande cha juu cha umio huishia kifuani kama kifuko kisicho na pa kutokea, na kipande cha chini, kinachopanda kutoka tumboni, huwa kimejiunga na bomba la hewa. Muungano huo usiofaa ndio fistula. Maziwa na mate, kwa kukosa njia, hufurika kutoka kifukoni na kuingia mapafuni. Asidi ya tumbo nayo hupanda kupitia fistula na kuingia mapafuni humo humo. Mtoto anazama kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja.

Hakuna mama aliyesababisha jambo hili. Hutokea wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Tunaliandika wazi kwa sababu wapo kati yetu walioulizwa na wakwe zao walikula nini, walimkosea nani, na ipo ndoa iliyovunjika juu ya swali hilo.

Dalili hazijifichi. Mtoto anatoa povu na mate mdomoni; unafuta, yanarudi. Akinyonyeshwa mara ya kwanza anapaliwa, anakohoa, midomo inageuka rangi ya samawati. Kipimo ni mrija mwembamba wa kulishia, ule ule unaopatikana katika kila wodi ya watoto wachanga. Kwa mtoto wa kawaida mrija unashuka mpaka tumboni. Kwa watoto wetu unakwama kwenye sentimita 10 hivi. Ukipigwa picha ya eksirei, mrija unaonekana umejikunja kifuani, na hewa ikionekana tumboni, basi fistula ipo. Huhitaji mashine ya mamilioni.

Pamoja na hayo, mmoja wetu alijifungulia katika kituo ambacho hatutakitaja, akaambiwa mtoto amemeza maji ya uzazi, ampe titi atazoea. Mtoto akapaliwa. Akaambiwa amkamulie kwa kikombe. Akapaliwa tena. Zamu ikabadilika, na nesi aliyeingia akarudia maneno ya aliyetoka. Mrija ulipokuja kupitishwa, mapafu yalikuwa yamejaa maziwa, na daktari aliyempokea huko mbele alisema kwa upole kwamba sasa kuna kazi mbili: kutibu nimonia kwanza, kisha kufikiria upasuaji. Kazi ya pili haikufikiwa. Hatusimulii haya ili mtu afutwe kazi. Katika kituo kingine, kidogo zaidi, muuguzi wa zamu ya usiku aliliona povu, akakataa mtoto kunyonyeshwa, akapitisha mrija, ukakwama, akapiga simu. Mtoto huyo sasa anacheza mpira. Wauguzi hao wawili walisomea nchi moja na mtaala mmoja. Mmoja alikumbushwa, mwingine hakukumbushwa. Tofauti ya namna hiyo haifai kuachiwa bahati.

Upasuaji wenyewe si jambo jipya. Mwaka 1941 daktari Cameron Haight, huko Ann Arbor, Michigan, alifaulu kwa mara ya kwanza kuifunga fistula na kuunganisha umio wa mtoto mchanga kwa upasuaji mmoja. Hiyo ni miaka 22 kabla ya Kenya kupata uhuru. Hadi leo kazi ni ile ile kwa msingi wake: kifua hufunguliwa upande wa kulia kati ya mbavu, fistula hutafutwa, hufungwa na kukatwa, tundu kwenye bomba la hewa hushonwa, kisha ncha mbili za umio huletwa pamoja na kushonwa kwa uzi mwembamba mno. Mwaka 1994 madaktari wa London walionyesha kwamba mtoto mwenye uzito wa zaidi ya gramu 1,500, asiye na kasoro kubwa ya moyo, alikuwa na nafasi ya kuishi ya asilimia 97. Asilimia 97, Waheshimiwa, miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Huku kwetu mambo ni mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet uliwafuatilia watoto 3,849 katika nchi 74, wenye aina saba za kasoro za kuzaliwa nazo za njia ya chakula, hii ikiwemo. Katika nchi tajiri walikufa karibu 6 kwa kila 100. Katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Kenya imo, walikufa 20. Katika nchi maskini walikufa karibu 40. Na hao ni waliofika hospitalini wakahesabiwa. Mtoto aliyefia nyumbani Kieni, au ndani ya ambulensi pale Sagana, hayumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Sasa tufike kwenye safari, maana ndiyo inayotuumiza zaidi.

Mtoto akigunduliwa Nyeri, anaandikiwa rufaa kwenda Nairobi, kilomita 150 hivi, au anatafutiwa nafasi Kijabe, katika hospitali ya misheni ya AIC ambako BethanyKids wamekuwa wakiwafanyia watoto upasuaji kwa miaka mingi. Akigunduliwa Meru, ni zaidi ya kilomita 200. Upanuzi wa barabara ya Kenol hadi Marua tunaushukuru, lakini lami haifyonzi mate. Mtoto huyu anahitaji kifuko kile cha juu kifyonzwe mfululizo, au kila baada ya dakika 10 hadi 15. Anahitaji kulazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa, kupewa maji yenye glukosi kwa mshipa, asitiwe kitu chochote mdomoni, na awe na joto mwili mzima. Akiishiwa pumzi njiani, kumpulizia hewa kwa mpira na barakoa kunaweza kumdhuru, kwa sababu hewa hupenya kwenye fistula na kulijaza tumbo mpaka mapafu yakose nafasi ya kupanuka. Haya anayajua muuguzi aliyefunzwa. Dereva hayajui, wala shosho aliyepakatishwa mtoto nyuma ya gari hayajui.

Na aghalabu ni shosho, kwa sababu mama amejifungua kwa upasuaji na yuko wodini. Tumesafiri katika ambulensi zenye king'ora kizuri na mashine ya kufyonza isiyofanya kazi. Tumesafiri katika ambulensi zisizo na mashine kabisa, mtu akivuta mate kwa bomba la sindano mpaka Thika. Tumesafiri mwezi wa Julai, wakati wa gathano, msimu wa baridi, ukungu umelala kuanzia Naro Moru hadi Karatina, mtoto amefungwa leso mbili na shali, akafika viganja vyake ni baridi kama bomba la maji. Mtoto mchanga akipoa, damu yake haigandi ipasavyo, sukari inashuka, na hakuna daktari atakayekubali kumpasua kabla hajapata joto. Na kuna waliofika getini katika hospitali kubwa wakaambiwa hakuna kitanda, kwa kuwa aliyeandika rufaa hakupiga simu, au alipiga ikapokelewa na mtu asiye na uwezo wa kuamua. Barua ya rufaa bila kitanda kinachomngoja mtoto ni karatasi tu.

Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za ambulensi mikononi mwa kaunti. Hospitali za kitaifa za rufaa ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Katikati ya mikono hiyo miwili kuna barabara, na juu ya barabara hiyo watoto wetu hawana mwenyewe.

Tunajua jibu tutakalopewa tukiomba mpasuaji wa watoto huku mlimani: kwamba maradhi haya ni nadra, fedha ni chache. Tumefanya hesabu, na tunaomba mtusahihishe kama tumekosea. Hitilafu hii humpata mtoto mmoja katika kila 3,500 hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 katika Nyeri. Tukikadiria kwamba huzaliwa watoto 20 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, Nyeri inapata watoto 15,000 hivi, na kati yao wanne wenye hitilafu hii. Afisa wa bajeti akiona wanne anafunga faili, na kwa upande wake hakosei. Lakini kaunti sita zinazouzunguka mlima zilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.4 katika sensa hiyo hiyo. Kwa kadirio lile lile, hao ni watoto wapatao 25 kila mwaka, karibu mmoja kila wiki mbili. Na mpasuaji huyo hatakaa akiwangoja hao peke yao. Yuko mtoto aliyezaliwa utumbo ukiwa nje, yuko asiye na njia ya haja kubwa, yuko ambaye utumbo wake umeziba. Wote hao leo wanapita barabara ile ile.

Kila kaunti inahesabu peke yake, ndiyo maana kila kaunti inaona kidogo. Mipaka ya mikoa ya zamani, Kati yenye makao Nyeri na Mashariki yenye makao Embu, iliukata mlima vipande, na ingawa mikoa ilikwisha mwaka 2013, vichwani bado ipo. Umoja wa kiuchumi wa kaunti za eneo la kati upo, na tumeusikia ukizungumzia maziwa, kahawa na barabara. Hatujausikia ukizungumzia mtoto mchanga.

Basi tunadai kaunti hizi sita zikae meza moja na kuanzisha kituo kimoja cha upasuaji wa watoto wachanga. Kiwe Nyeri, Embu au Meru, hatutagombana. Tukilazimishwa kuchagua tungesema Nyeri, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini, na Othaya, si mbali, liko jengo kubwa lenye jina la Rais Mwai Kibaki lililowahi kuendeshwa kama tawi la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Lakini afadhali kituo kiwe Meru na kifanye kazi kuliko kiwe Nyeri na kiwe bango. Na kituo si mpasuaji peke yake. Bila mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea watoto wa kilo mbili, bila chumba cha wagonjwa mahututi wachanga, bila wauguzi watakaokesha naye usiku wa kwanza na wa pili, mpasuaji atashona vizuri na mtoto atakufa akiwa ameshonwa vizuri. Wapasuaji wa watoto wanafunzwa humu humu nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi na Kijabe. Kaunti zigharimie masomo ya madaktari vijana na wauguzi kutoka huku kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi, na ziwe na nafasi ya kuwaajiri wakirudi. Wengi hurudi wakakuta hakuna cheo chenye jina lao katika orodha ya ajira ya kaunti.

Hilo litachukua miaka. Yale yasiyohitaji miaka tunayataka sasa. Kila chumba cha kujifungulia, kuanzia zahanati ndogo hadi hospitali za rufaa, kiwe na mrija na agizo lililobandikwa ukutani: mtoto anayetoa povu asilishwe mpaka mrija upite. Kijitabu cha Mama na Mtoto tayari kinamkumbusha mhudumu aangalie weupe kwenye mboni ya jicho la mtoto. Mstari mmoja wa nyongeza kuhusu povu na kupaliwa hautakifanya kizito. Mama aliyekuwa na maji mengi kupita kiasi kwenye mimba, na picha ya altrasaundi haikuonyesha tumbo la mtoto likiwa na maji, aelekezwe kujifungulia penye daktari wa watoto. Kila kaunti itenge angalau ambulensi moja ya watoto wachanga, yenye inkubeta, oksijeni na mashine mbili za kufyonza, kwa maana moja huharibika. Asiondoke mtoto bila muuguzi. Asiondoke bila jina la daktari anayempokea na namba ya kitanda. Na mama apelekwe naye, hata kama ni kwa gari la pili. Maziwa yake yatahitajika mapema kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu malipo tutasema machache kwa sababu hasira ni nyingi. SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Ilipoanza, mkulima alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, naye bonasi ya chai huja Oktoba, na watoto hawangoji Oktoba kuzaliwa. Wapo kati yetu waliosimamishwa kwenye dirisha la malipo kwa sababu mtoto hakuwa na jina katika mfumo, na hakuwa na jina kwa sababu alikuwa na umri wa siku moja. Usiku huo huo kundi la WhatsApp likafunguliwa, harambee ikaanza. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura na magonjwa mahututi, na Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tunadai mtoto mchanga anayehitaji upasuaji ahesabiwe kuwa dharura tangu dakika ya kwanza, alipiwe kwa kitambulisho cha mama, na asidaiwe amana getini. Nyeri ilikuwa moja ya kaunti nne ulikojaribiwa mpango wa afya kwa wote mnamo Desemba 2018, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos. Ilichaguliwa kwa sababu ya kisukari na shinikizo la damu, maradhi ya wazee wetu. Sawa. Zamu ya wajukuu ifike.

Watu hudhani mtoto akishonwa yamekwisha. Pale umio ulipounganishwa, kovu hujikaza, njia hubana. Mtoto anakula vizuri miezi, halafu siku moja punje ya githeri inakwama, anatoka jasho, mate yanarudi kama siku aliyozaliwa. Tiba ni kuupanua umio kwa vifaa maalumu akiwa chini ya nusukaputi, na wengine huhitaji kurudiwa mara nyingi. Kila mara ni Nairobi: nauli, usiku kucha, siku za kazi zilizopotea. Upanuzi huu unaweza kufanywa karibu na nyumbani penye vifaa vya endoskopi na mtaalamu wa nusukaputi. Uletwe mlimani hata kabla ya kituo kikubwa kuwa tayari. Wapo pia ambao ncha zao za umio zilikuwa mbali mno kuunganishwa, wanaolishwa kwa mrija uliotobolewa tumboni huku mate yakitokea shingoni, wakingoja umio mpya utengenezwe kwa kipande cha utumbo au kwa tumbo lenyewe. Mama zao hununua mirija dukani kwa bei ya dukani. Itolewe bure kliniki, kama zinavyotolewa chanjo.

Na walimu waelezwe. Bomba la hewa la watoto hawa huwa legevu, kikohozi chao hubweka. Wamefukuzwa darasani wakidhaniwa wana kifua kikuu. Barua moja kutoka kwa Wizara kwenda shuleni ingemaliza hilo.

Mwisho, tunataka hesabu. Kila mtoto anayezaliwa na kasoro inayohitaji upasuaji aandikwe: alizaliwa wapi, aligunduliwa saa ngapi baada ya kuzaliwa, alilishwa au hakulishwa, alifika akiwa na joto gani, aliishi au alikufa. Taarifa hiyo isomwe mbele ya bunge la kila kaunti mara moja kwa mwaka, bila majina. Kambi za bure za fistula ya uzazi (si hii ya watoto wetu), ambazo zimewarudishia akina mama wengi heshima yao, zilianza baada ya watu kuhesabu na kusema kwa sauti. Sisi tumehesabu kwa vidole vyetu tu.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi iliyotajwa hapo juu ndani ya siku 60, likionyesha ni lipi litafanywa, na nani, na kwa fedha za bajeti ya mwaka upi. Tunaomba pia wawakilishi wetu waitwe mbele ya kamati za afya za mabunge ya kaunti, na tutakuja na watoto. Yale ya mrija, agizo la ukutani na simu kabla ya ambulensi kuondoka hayahitaji bajeti mpya. Tunaomba yaanze mwezi huu.

Ni sisi, wazazi na walezi, Nyeri na miji ya Mlima Kenya.